Mbwembwe za Pont Neuf: Nguo Ziko Wapi?

Juni 20, 2023, Louis Vuitton waliligeuza Pont Neuf, daraja kongwe kuliko yote yaliyobaki juu ya mto Seine jijini Paris, kuwa jukwaa la mitindo. Lilikuwa onyesho la kwanza la Pharrell Williams, mwanamuziki aliyekabidhiwa Februari mwaka huo ubunifu wa nguo za wanaume. Kwaya ya injili iliimba. Beyoncé na Rihanna walikuwepo. Nguo zilipomaliza kupita, Jay-Z akatumbuiza.

Nimeitazama video yake mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka na orodha ndefu ya mastaa kichwani, na nguo mbili tu.

Sasa, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Shida ni kwamba debe hili halikuwa tupu, na ndiyo maana linaniuma. Pharrell alichukua Damier, ile miraba kama ya ubao wa drafti ambayo Louis Vuitton wanayo tangu karne ya 19, akaichanganya na mabakamabaka ya kijeshi hadi ikafanana na picha ya mchezo wa kompyuta wa zamani. Wakaiita Damoflage. Hebu fikiria: mabaka ya jeshi yapo ili mtu asionekane. Alama ya Louis Vuitton ipo ili mtu aonekane, tena kutoka mbali. Kuvishana vitu hivyo viwili ni utani wenye akili kuhusu umaarufu, na umetoka kwa mtu aliyeishi ndani ya umaarufu. Ila nani alikuwa na muda wa kuucheka utani huo? Macho yote yalikuwa kwa wageni.

Sisi watu wa vitabu tunalijua hili. Kuna uzinduzi wenye mgeni rasmi, kwaya, keki na picha za kumwaga, halafu kesho yake hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza.

Lakini sisemi kwamba mbwembwe zenyewe ni kosa. Septemba 1998, London, Alexander McQueen alimsimamisha Shalom Harlow kwenye duara linalozunguka, akiwa na gauni jeupe, halafu roboti mbili za kiwandani zikalirushia rangi nyeusi na ya njano. Mbwembwe kuliko hizo sijui utazipata wapi. Lakini ukisimulia tukio lile, lazima uanze na gauni. Liondoe, hakuna kilichobaki. Ondoa nguo Pont Neuf, bado utabaki na tamasha zuri tu la muziki.

Wala ustaa si kosa. Virgil Abloh, aliyemtangulia Pharrell kwenye kiti hicho hadi alipofariki Novemba 2021, alikuwa DJ mwenye mashabiki wengi. Katika onyesho lake la kwanza, Juni 2018, aliwaandalia wageni kijitabu cha msamiati wake mwenyewe, neno na maana yake. Unaweza kukiona ni majivuno. Mimi nakiona ni adabu: alitaka kazi yake isomwe, na alikupa pa kuanzia hata kama ulikuja kumpinga.

Na kusoma nguo si anasa ya wakosoaji. Juni 2011, nyumba hiyohiyo, Kim Jones, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Afrika Mashariki, alipeleka Paris miraba ya mashuka ya Kimasai. Mtu wa huku akiona vile lazima aulize: wenye shuka wamepata nini? Swali hilo linatoka kwenye kitambaa chenyewe. Kitambaa kikifunikwa na kelele, hata swali linakufa, na anayenufaika na kimya hicho si fundi aliyeshona wala Mmasai aliyeazimwa rangi zake.

Ukiniuliza mimi, Pharrell ana jicho, na Damoflage ni ushahidi. Ninachomdai ni onyesho moja bila Jay-Z, watu wakae, taa ziwake, nguo zipite. Zikisimama zenyewe, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.