"Kuzuia" Kunakotatiza: Tahakiki Fupi ya Istilahi

Tumezoea kufundisha kwamba GABA, kemikali iliyotambuliwa katika ubongo mwaka 1950, "huzuia" seli za neva. Neno hili tunalitilia shaka. Kisoko, wilayani Tororo, kizuizi ni kile cha barabarani, kinachosimamisha malori ya kwenda Malaba. GABA haifungi njia, inafungua. Hufungua vijia katika utando wa seli pokezi, ioni za kloraidi huingia, na seli huwa ngumu kusisimka. Ajabu ni kwamba katika ubongo wa kichanga kloraidi huweza kutoka badala ya kuingia, na GABA hiyohiyo ikaisisimua seli!

Hasara yenyewe iko katika kituo cha afya. Diazepamu huiongezea GABA nguvu, hivyo hukatisha degedege lililokwisha kuanza. Muuguzi akiiita "dawa ya kuzuia degedege", mama huelewa kinga, sawa na "dawa ya kuzuia malaria", naye huweza kurudi nyumbani akidhani yamekwisha, ilhali malaria iliyoleta degedege haijatibiwa.

Sisi tungechagua "kutuliza". Kwa kichanga hata hilo halitoshi. Hapo jina libaki GABA, na kitenzi kifuate seli.