Kuamini na Kusadiki

Kitenzi cha Kiingereza "believe" huwahadaa wafasiri wa mashairi kwa wepesi wake. Kamusi hujibu "amini", na wengi hutua hapo. Lakini Mwingereza akikitumia kusema kwamba fulani yuko nyumbani, mara nyingi hana yakini, adhani tu. Kumfasiri "naamini yuko" ni kumlisha kiapo. (Na hiyo "kuamini katika" inayosikika siku hizi ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.)

Mtihani wenyewe umo katika soneti ya 138 ya Shakespeare, iliyomo katika kitabu cha mwaka 1609. Mwanamke aapa kuwa ni mkweli. Mshairi ajua kuwa ni uongo, naye aikubali kauli. Aikubali kwa kitenzi gani? "Amini" ni ndugu wa amana na uaminifu: humpokea mtu mzima. "Sadiki", kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtoto wa ukweli, nayo hupokea neno. Shaaban Robert aliutumia mzizi huo kuiita Kusadikika ile nchi yake iliyo angani, katika kitabu cha mwaka 1951.

Wapenzi wa soneti hawaaminiani. Mwanamke ajua kuwa ujana wa mshairi umekwisha, lakini humchukulia kijana. Kila mmoja husadiki maneno ya mwenziwe, basi. Atakayeandika "namwamini" atawapatanisha kabla ya wakati na kinaya kitakufa. "Namsadiki" huutia ukweli ndani ya uongo, na ndipo beti zile zinapouma.