Wafinyanzi wa Kumartuli

Miongoni mwa mafundi wanaozipa sikukuu za dunia sura yake, wafinyanzi wa Kumartuli, mtaa wa kale wa kaskazini mwa Kolkata nchini India, wanastahili pongezi za pekee, kwani ndio watengenezao sanamu za Durga Puja, yaani sikukuu ya Wahindu ya kumtukuza Durga, mungu wa kike aliyemshinda Mahishasura, zimwi lijigeuzalo nyati. Kazi huanza kwa kiunzi cha mianzi na mabua ya mpunga, ambacho hukandikwa udongo wa mto Hooghly tabaka juu ya tabaka, na baada ya kukauka hupakwa rangi na kuvishwa mapambo. Macho, ambayo kwa desturi huchorwa siku ya Mahalaya, takriban wiki moja kabla ya sikukuu, huachiwa fundi aliyebobea, na ni haki, kwa kuwa kosa la hapo halifichwi na vito. Siku ya mwisho sanamu hutoswa mtoni, na kazi ya miezi ikarudi kuwa tope. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua Durga Puja ya Kolkata kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu, heshima ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mafundi hawa.