Mkanda, Cheche na Harara: Jinsi Injini ya Mgongo wa Chura Ilivyochaguliwa Vipuri

Katika motokaa nyingi za zama zake, mkanda wa feni ukikatika, maji yaliyomo ndani ya injini hubeba dhima ya kuilinda kwa muda kidogo, na dereva msikivu huweza kujikokota hata penye kivuli; lakini katika Volkswagen ile ya kale, ambayo wengi wa watu wetu waliipa jina la mgongo wa chura, hakuna maji, hakuna rejeta, wala hakuna muda wa kujikokota. Injini yake imekaa nyuma, silinda zake nne zimelazwa mbili kulia na mbili kushoto, na kinachozipoza ni upepo, uvutwao na feni iliyofungwa kwenye mhimili wa dainamo. Na dainamo nayo haizunguki ila kwa mkanda mmoja mwembamba utokao kwenye puli ya krenki. Kwa sababu hiyo naona kwamba katika injini hii vipuri vya mkanda na vipuri vya moto, ambavyo aghalabu hununuliwa kama mambo mawili mbalimbali, sharti vipimwe kwa mizani moja, nayo ni harara.

Gari ninayoisimulia ni ya mwaka 1968, yenye injini ya 1500, niliyoirithi kwa marehemu ami yangu hapa Mombasa. Ilikuwa ikiwaka bila taabu na kutembea vizuri mjini, lakini kila ilipoanza kupanda kuelekea Mazeras ilipungukiwa na nguvu, ikatoa harufu ya mafuta yaliyochemka, na taa nyekundu ya dainamo ikawa inamemeta kama jicho la mtu asiyelala. Lililonistaajabisha ni kwamba vipuri vyake vyote vya moto, pamoja na mkanda, vilikuwa vipya. Vilinunuliwa kwa siku moja katika duka moja, na kila kimoja kilikuwa kimeingia mahali pake bila kulazimishwa. Fundi mzee niliyempelekea, aliyezitengeneza gari za namna hii tangu ujana wake, aliufungua mlango wa nyuma, akatazama kwa kitambo bila kugusa kitu, kisha akasema, "Mwanangu, vyote hivi vimeingia, lakini havikuelewana."

Tulianza na mkanda. Mkanda wa namna hii hushika kwa mbavu zake, wala si kwa tumbo; ukiwa mwembamba kuliko mfereji wa puli, huzama mpaka chini, tumbo likateleza juu ya chuma, na mzunguko wa feni ukapungua bila ya dereva kusikia lolote ila, pengine, mlio mfupi anapokanyaga moto. Tulipoufungua wa kwetu, tuliona chini ya mfereji pameng'aa kama sarafu, na hiyo ndiyo ithibati kwamba mkanda ulikuwa ukitambaa kwa tumbo. Kipimo cha injini hii yenye dainamo ya volti 12 ni upana wa milimita 9.5 na urefu wa milimita 905, na tarakimu hizo hupigwa mgongoni mwa mkanda wenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kumtegemea muuzaji wala rangi ya karatasi uliofungiwa. Fauka ya hayo, mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Mkanda uliokaa miaka katika duka lenye joto hukakamaa, na ukiukunja kinyume utaona mipasuko midogo kama ya udongo wa kiangazi. Nilikataa miwili ya namna hiyo kabla ya kuupata wa tatu.

Kuukaza ni kazi yenye hikima ya peke yake. Puli ya dainamo ina nusu mbili, na baina yao hupangwa pete nyembamba za chuma. Ukizipunguza pete zilizo kati, nusu hizo hukaribiana, mkanda ukapanda juu katika mfereji na kukazika, na zile zilizotolewa huwekwa upande wa nje, chini ya nati, ili zisipotee. Kipimo ni kidole gumba: ukiusukuma mkanda katikati, uingie takriban milimita 15. Ukilegea zaidi, upepo hupungua. Ukikazwa mno, beringi za dainamo hulia kabla ya wakati wake. Nami nilijifunza kwa fundi huyu kwamba hesabu ya pete husema kweli kuliko jicho, maana zikiwa zote zimehamia nje na mkanda bado unalegea, basi ama umekwisha kunyooka, ama tangu mwanzo haukuwa wa urefu wake.

Tukaja kwenye plagi, na hapa ndipo kosa la mtu mwema hufichika. Bosch na NGK hutaja uwezo wa plagi wa kupokea na kutoa joto kwa tarakimu ziendazo kinyume: katika hesabu ya sasa ya Bosch tarakimu ikizidi plagi ni ya moto zaidi, ilhali kwa NGK tarakimu ikizidi plagi ni ya baridi zaidi. Tena Bosch wenyewe waliwahi kuwa na hesabu nyingine iliyokwenda kinyume cha hii ya leo, hata plagi iliyoandikwa W145T1 katika vitabu vya zamani ikawa ni W8A katika hesabu mpya. Mtu asiyeyajua haya, akitaka plagi ya baridi kwa ajili ya safari ndefu, huweza kupanda tarakimu na kununua ile inayowaka mapema kama kaa. Tulirudi kwenye W8AC, tukaacha mwanya wa milimita 0.7, na tukahakikisha kwamba thredi ina urefu wa milimita 12.7 tu, kwa kuwa ndefu kuliko hivyo huingia ndani ya chumba cha moto na kuhatarisha pistoni. Zilitiwa injini ikiwa baridi, kwa vidole kwanza, kwani vichwa vya silinda ni vya aluminiamu na thredi zake hazisamehe.

Waya za plagi zilikuwa nzuri kwa umeme, na mbaya kwa upepo. Waya za asili huja na vifuniko vikubwa vya mpira vinavyoziba matundu ya bati linalozizunguka silinda. Zile tulizozikuta zilitengenezwa kwa ajili ya gari yoyote, hazikuwa na vifuniko hivyo, na katika kila tundu upepo uliokusudiwa kuzipoza silinda ulikuwa ukitoroka. Hilo lilinigusa zaidi ya yote, kwa sababu hakuna mtu anayetafuta chanzo cha harara katika waya wa umeme.

Ama distributa, iliyofungwa ilikuwa ile ya Bosch ijulikanayo kwa tarakimu zake za mwisho, 009. Ni distributa imara na ya bei nafuu, lakini huutanguliza moto kwa vizito viwili vinavyotawanyika kadiri mzunguko unavyoongezeka. Haina bomba la kuipelekea habari kutoka kwenye kabureta. Ile ya asili ya injini yetu hutegemea mvuto wa hewa wa kabureta, na huhisi mguu wa dereva mara tu unapokanyaga. Kwa hiyo 009, ikiunganishwa na kabureta isiyotengenezwa kwa ajili yake, husitasita kila gari inapotakiwa kuvuta kutoka mwendo mdogo, na mlimani dereva huongeza moto juu ya moto huku cheche ikichelewa. Na cheche ikichelewa, joto ambalo lingeisukuma pistoni hutokea kwa mlango wa moshi na kukipasha kichwa cha silinda. Distributa ya asili tuliikuta ndani ya sanduku la ami yangu, imefungwa kwa gazeti. Tukaisafisha, tukajaribu kuivuta pumzi kwa mdomo, na diaframu yake ikashika.

Pointi mpya zilipangwa mwanya wa milimita 0.4 kabla ya kugusa majira ya moto, na utaratibu huo haugeuzwi, kwani kila mwanya unapobadilika majira nayo hubadilika: ukipanuka, cheche hutangulia, ukipungua, huchelewa. Kijinyayo cha pointi kinapolika, mwanya hupungua kidogo kidogo, na ndiyo maana fundi alipaka grisi kidogo mno kwenye kigongo cha distributa. Krenki ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pointi hizo hufunguka mara 8,000, yaani zaidi ya mara 130 katika sekunde moja. Basi kipande hicho cha chuma na plastiki hakistahili kudharauliwa kwa udogo wake. Majira tuliyapanga kwa taa ya volti 12, upande mmoja kwenye koili na mwingine kwenye bodi, tukiizungusha krenki kwa spana pole pole mpaka taa ikawaka pale alama ya digrii 7.5 kabla ya kilele ilipoelekeana na mshono wa injini.

Nilimwuliza fundi juu ya vile vifaa vya elektroniki vinavyowekwa badala ya pointi. Hakuvikataa, bali alisema kwamba pointi hudhoofika kwa kuonya, na huweza kusuguliwa kandokando ya njia. Kifaa kile hufa ghafla. Kwa gari inayokwenda mbali na maduka nakubaliana naye.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, tulipanda Mazeras na kuendelea hadi Voi. Taa nyekundu haikumemeta. Tulipozifungua plagi zilipopoa, tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, na ile ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe kidogo kuliko wenziwe. Katika injini za kabla ya 1971 kipoza mafuta kimesimama ndani ya njia ya upepo uendao kwenye silinda hiyo, na kwa sababu hiyo baadhi ya distributa za kiwandani zilichongwa kigongo cha tatu kichelewe kwa digrii chache. Fundi aliigeuza plagi ile mara mbili mkononi, akairudisha, akasema tutakiondoa kipoza hicho mwezi ujao tukioshe mapezi yake. Mkanda wa akiba na spana ya 21 vimekaa mbele, chini ya boneti.