Eti Dubwana Limetoka Afrika!

Nimeiangalia Le Pacte des loups mara tatu sasa. Mara ya kwanza nilifurahia mapigano, kama mtu yeyote. Mara ya pili nikashtuka. Mara ya tatu nikaamua kuandika, maana wenzangu niliowaeleza kilichonishtua walinicheka tu.

Picha hii ilitoka mwaka 2001, mwongozaji ni Mfaransa Christophe Gans. Kisa chenyewe ni cha kweli. Kati ya 1764 na 1767, huko Gévaudan, milimani kusini mwa Ufaransa, mnyama aliua watu wapatao mia moja, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa machungani. Mfalme akatuma askari, kisha wawindaji. Septemba 1765 François Antoine akaua mbwa-mwitu mkubwa, mzoga ukapelekwa Versailles, ikatangazwa kwamba yamekwisha. Wapi! Baada ya miezi michache mauaji yakaanza upya, mpaka Juni 1767 mwanakijiji Jean Chastel alipompiga risasi mnyama mwingine. Ile habari ya risasi ya fedha ni chumvi ya waandishi waliokuja baadaye.

Huo ndio utamu wa picha za namna hii. Historia inaleta mifupa, ngano inaleta nyama. Na Gans anajua kupika, tusimnyime haki yake. Kuna ukungu, kuna magofu, na dubwana lenyewe halionekani kwa muda mrefu. Tunaona tu nyasi zinacheza na mtu anaburutwa. Lakini kilichonikaa zaidi si damu. Steringi wetu, Grégoire de Fronsac, mtaalamu wa wanyama, anashurutishwa kumkarabati mbwa-mwitu wa kawaida ili afanane na dubwana, serikali ipate cha kuonyesha. Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Kumbe fumbo si nani anaua, bali nani anafaidika watu wakiogopa. Desemba 1764 askofu wa Mende aliwaandikia waumini kwamba mnyama yule ni adhabu ya Mungu. Gans anaichukua hofu hiyo na kuizulia chama cha siri, padri akiwa kiongozi, kinachomtumia dubwana kuwatisha wananchi na kumwaibisha mfalme. Ni uzushi, ndiyo, lakini uzushi wenye mantiki.

Sasa lililonikera. Dubwana limetoka wapi? Afrika, bwana! Jean-François de Morangias, mtoto wa wakubwa, alikwenda kuwinda huku kwetu, akarudi na mnyama, chama kikamvisha deraya la chuma lenye miiba. Yaani hata uovu uliopikwa na Wafaransa, jikoni kwa Wafaransa, nyama yake iagizwe Afrika? Mwenzangu mmoja ananiambia, "Lakini adui ni Mfaransa aliyemtesa." Kweli, na mwishoni Fronsac anapomkuta yule mnyama amelala na majeraha, nilimhurumia kuliko binadamu wengi wa picha ile. Ila huruma hiyo inapita haraka mno. Kisha mtazame Mani, Mwirokwoi kutoka Amerika ya Kaskazini. Anajua miti, anajua mizimu, anapigana kama mtu wa picha za Hong Kong, halafu anauawa ili steringi apandwe na hasira. Kazi ya rafiki wa steringi tunaijua tangu utotoni.

Na hadithi za mnyama ambaye huenda ni mtu tunazo wenyewe. Singida, katika miaka ya 1940, vifo vilivyodhaniwa ni vya simba vilionekana vina mkono wa binadamu, wakaitwa watu-simba, na watu wakanyongwa na serikali ya Mwingereza. Nani alikuwa mchawi pale, nani alikuwa amesingiziwa tu? Hiyo picha ningeilipia kiingilio mara mbili. Hollywood waliwahi kuja kwa simba wa Tsavo wa 1898, wakatengeneza The Ghost and the Darkness mwaka 1996. Wakaipigia Afrika Kusini, na simba wakawapa manyoya ya shingoni ambayo wale wa kweli hawakuwa nayo.

Turudi Gévaudan, maana kuna mtu mmoja niliyemtafuta katika picha ya Gans mara zote tatu nisimwone. Agosti 1765 msichana Marie-Jeanne Vallet alikuwa anavuka kijito na ndugu yake, dubwana likawarukia. Hakuwa na bunduki wala hakujua kungfu. Alikuwa na mkuki, akamchoma nao kifuani, mnyama akakimbia akivuja damu. Gans ana mwanamke wa kuliwa, wa kupendwa, na wa danguro ambaye kumbe ni jasusi wa Papa, huyu hana. Mimi ningeanza naye. Sanamu yake ipo kijijini Auvers, mkuki mkononi, dubwana mbele yake.