Mlevi Wangu wa Mkonge

Nina ugomvi na hadithi zetu sisi chipukizi. Baba mlevi, binti kaharibika, kijana mvivu. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa eti ndiyo tabia yake. Basi, hadithi imekwisha.

Nami nimo. Katika riwaya yangu, ambayo bado haina mchapaji, yumo mzee aliyetoka Kigoma miaka ya 1950 kuja kukata mkonge huku Muheza, akazama kwenye pombe, akasahau kwao. Nilimwiga jirani yetu, sasa marehemu. Nilimfanya kichekesho.

Kisha nikamsoma Mmarekani C. Wright Mills, aliyeandika mwaka 1959 juu ya kutazama watu kwa jicho la kisosholojia. Kwa ufupi anasema: katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, mchunguze yeye. Wakikosa mamilioni, ichunguze nchi.

Nikamtazama upya mzee wangu. Manamba waliletwa kwa mkataba kutoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Ujira ulikwenda kwa kipande, siku 30 za kazi. Siku usiyofanya kazi haihesabiwi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Baadaye nyuzi za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakageuka pori. Sasa niambie, mtu arudi kwao na nini? Pengine nilichokiita kusahau kilikuwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Na hakubaki peke yake.

Adam Shafi alilijua hili katika Kuli (1979). Nyuma ya hasira za Rashidi kuna bandari ya Unguja, ujira mdogo na mgomo wa 1948. Lakini Rashidi anabaki mtu, hageuki hotuba. Hapo ndipo penye kazi.

Sisemi mlevi hana kosa. Mke anayepigwa analijua kosa hilo. Nasema tusimhukumu mtu kabla hatujauliza alipitia wapi.

Juzi stendi nilimwona kijana akikimbilia basi na machungwa, akimtukana mwenziwe aliyemuwahi kwa abiria. Zamani ningeandika "mhuni" nikapita. Siku hizi nauliza kwanza: machungwa yakiiva huiva kwa mpigo, hayangoji mtu, je, bei anapanga nani?

Sura ya mzee nimeichana. Naianza upya.