Kozi Asiye na Kiota: Watu wa Mpakani katika The Wandering Falcon

Riwaya ya Jamil Ahmad, The Wandering Falcon, ilichapishwa mwaka 2011, ingawa mswada wake ulikuwapo tangu miaka ya 1970. Ahmad alikuwa mtumishi wa serikali ya Pakistan, na alifanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa makabila ya mpakani. Mandhari ya riwaya ni nchi hiyo, ambayo mstari wa Durand wa mwaka 1893 uliipasua kati ya Afghanistan na Uhindi wa Waingereza. Makala haya yanachunguza jinsi mwandishi anavyomsawiri mtu asiye wa huku wala wa kule, na kupima kama usawiri huo unamtendea haki.

Riwaya imejengwa kwa hadithi 9 zinazounganishwa na mhusika mmoja, Tor Baz, yaani kozi mweusi. Wazazi wake, waliotoroka kabila lao, wanafika kwenye ngome ya askari jangwani. Mkuu wa ngome anawapa makao, lakini anawanyima hifadhi. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo ufunguo wa kazi nzima: mtu wa mpakani anaweza kuvumiliwa miaka mingi pasipo mtu yeyote kuwajibika juu ya uhai wake. Wafuatiliaji wanapofika, wazazi wanakufa na mtoto anaachwa mchangani.

Hapo ni sheria ya kabila inayoua. Katika hadithi ya ngamia, inayoua ni sheria ya dola. Wafugaji wa Kipawindah, waliozoea kuhama na majira, wanadaiwa hati za kusafiria ambazo hakuna serikali iliyopata kuwapa. Gul Jana anajitwika Kurani kichwani akiamini kuwa askari hawataithubutu. Risasi zinafyatuliwa hata hivyo. Mwandishi hapambi tukio wala hahubiri, na ukavu huo wa lugha ndio nguvu yake.

Kasoro iko kwingine. Kadiri hadithi zinavyosonga, Tor Baz anapita pembeni tu, mara kiongozi wa njia, mara mpasha habari. Yawezekana kuitetea fani hii kwamba inaafiki maisha ya mtu asiye na pa kusimama. Lakini msomaji anajua jinsi kozi anavyoruka, hajui anavyoumia. Hatari yake ni kuugeuza ukiwa kuwa uhuru.

Hadithi ya mwisho yaidhihirisha hatari hiyo. Shah Zarina, aliyemkimbia mume aliyemthamini dubu wake kuliko mkewe, anaishia mikononi mwa wauza wanawake. Tor Baz anamnunua, na anawazia kutulia. Kwa mwanamume, hali ya katikati ni njia. Kwa mwanamke, ni soko. Kiota cha mmoja kinajengwa kwa bei ya mwingine, ambaye hakuulizwa, na riwaya haikai hapo kutosha.

Mwaka 2018 maeneo ya makabila upande wa Pakistan yaliunganishwa na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa, lakini swali la riwaya halikufutika. Katika Kiswahili, mpaka ni mstari unaotenga, tena ni neno la kuonyesha safari inakofika. Ahmad ameuonyesha mstari kwa uaminifu mkubwa. Safari inakofika, hasa kwa Shah Zarina, ameiacha kwa wahakiki waiulizie.